Siku Shangazi Alipoogeshwa

Mkaguzi wa kiwanda cha maziwa hakumtukana mtu. Angetukana ingekuwa nafuu, maana tusi lina majibu yake. Yeye aliomba tu kabini ya lori iinuliwe, akainama, akaitazama injini kwa huzuni kama mtu aliyefika msibani, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Samahani, hapa ndani kuna injini?"

Madereva waliopanga foleni nyuma walicheka mpaka mmoja akalazimika kujishikilia kwenye kioo cha pembeni cha gari lake. Kapteni, mwenye lori, alicheka nao. Angefanya nini? Mtu mwenye shida ya kazi hujikuta akichekea hata msiba wake mwenyewe.

"Ipo, bosi. Inaunguruma vizuri tu."

"Kuunguruma nimesikia. Mimi nataka kuiona. Maziwa yanashika harufu ya kila kinachopita karibu nayo. Lori likivuja dizeli, makreti yananuka, maziwa yananuka, simu ya malalamiko inapigwa kwangu. Sasa nitajuaje kama linavuja, na limevaa tope kama koti la baridi? Nenda ukalioshe. Jumapili mchana nitapita mtaani kwenu nilikague hapo hapo linapolala. Nikiona injini, tutaongea kazi. Nisipoiona, usinipotezee muda."

Lori lenyewe lilikuwa na jina. Nyuma, juu ya bamba la namba, kulikuwa kumeandikwa kwa rangi nyekundu "SHANGAZI", na Kapteni mwenyewe ndiye aliyelibatiza hivyo: linakula sana, linalalamika njia nzima, lakini ukiwa na shida ni lazima litakuja. Kwa miaka mingi Shangazi alibeba mchanga kutoka machimboni. Machimbo yalipofungwa, Shangazi akaegeshwa katikati ya ua, na tangu siku hiyo nyumba ikalishwa na cherehani.

Mwenye cherehani ni mkewe Kapteni. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, kwa sababu ukimletea nguo iliyopungukiwa kifungo, ataupekua mkebe wake mpaka akupatie mwenzake. Alishona barazani, pini mdomoni, mguu kwenye pedali, na kutoka hapo aliona kila anayeingia na kila anayetoka. Hata hivyo habari ya mkaguzi hakuiona, aliisikia. Mumewe alikuwa bado njiani anarudi, tayari jirani yao wa chumba cha pili, mwanamke aliyeitwa Redio na aliyelipenda jina hilo, amekwisha kuitangaza akiwa kwenye kamba ya nguo. Mpwa wake alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda.

"Eti amemuuliza, hapa ndani kuna injini!" Redio alisema, akibana shuka kwa kibanio. "Mpwa wangu anasema watu wamecheka hadi machozi. Mimi nilimwambia siyo vizuri kucheka."

"Ulimwambia baada ya wewe kumaliza kucheka?" Mama Vifungo aliuliza bila kutoa pini mdomoni.

"Mimi ni binadamu, jirani."

Wawili hawa walikuwa wamerudi kusalimiana si zamani sana. Walikuwa na ugomvi wao, utasikika mbele.

Kapteni aliporudi, alikuta chai mezani na mkewe ameketi mkabala, mikono mitupu, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mikono ya Mama Vifungo ikiwa haina kitambaa, kuna mazungumzo.

"Jumapili tunaiosha," alisema.

"Nani kasema inaoshwa? Nitapangusa pale juu panapoonekana, basi."

"Mkaguzi ataangalia panapoonekana tu?"

"Mke wangu, sikiliza. Wewe unajua nguo, mimi najua dizeli. Injini kubwa kama ile haiogeshwi. Uchafu wa miaka ndio unaoishikilia. Ukiutoa, kila kiungo kinaanza kulia. Muulize dereva yeyote."

"Nimewauliza wengi. Wote injini zao chafu, na wote wako nyumbani kama wewe."

Kapteni aliinywa chai ikiwa bado ya moto, akaungua, akasingizia ukali wa mke. Mama Vifungo alimhurumia. Wiki zile alikuwa amemwona akimtungia uzi kwenye sindano ili tu mikono isikae bure, jitu zima lenye mabega ya kubebea magunia, limekunja jicho linatafuta tundu la sindano. Siku moja mteja aliingia akamkuta anashona vifungo, akasema, "Kumbe siku hizi mko wawili!" Kapteni aliliweka lile shati chini na hakuigusa tena nguo mbele ya watu. Kazi ile ya maziwa haikuwa ya kupata chakula peke yake. Mumewe alikuwa anapungua, na alikuwa anapungua machoni pake mwenyewe.

"Nitajie kila kitu mle ndani kinachochukia maji," alisema. "Kimoja kimoja. Na unionyeshe ukubwa wake kwa mikono."

*

Jumamosi asubuhi alikuja Presha, mdogo wake Kapteni. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mashine yake ya kuoshea magari kando ya barabara, inayorusha maji kwa nguvu ya kung'oa rangi. Aliikokota hadi uani kwa magurudumu yake, akaiegesha kando ya Shangazi kama daktari aliyeleta vifaa.

"Shemeji, usijisumbue. Kesho nusu saa tu tumemaliza. Lita kadhaa za petroli, tunamwagia, grisi inayeyuka yenyewe, kisha mashine, vuuu! Injini inang'aa kama sahani."

"Ile teksi ya kijivu uliyoiosha mwezi uliopita inaendeleaje?" Mama Vifungo aliuliza.

Presha alikohoa.

"Redio!" Mama Vifungo aliita bila kugeuka. "Ile teksi ya kijivu ya mashine ya shemeji yangu, inaendeleaje?"

"Haijawaka mpaka leo!" Redio alijibu kutoka chumbani kwake, haraka kama aliyekuwa akingoja aulizwe. "Maji yaliingia kwenye umeme. Mwenyewe anapanda basi, na amesema akimwona Presha atamfanya apande gari la wagonjwa!"

Ua mzima ulicheka. Presha naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo, lakini mashine hakuiondoa.

"Na hiyo petroli," Mama Vifungo aliendelea, "pale kuna jiko la mkaa la mama wa chumba cha nne, hapa kuna baba anayevuta sigara, na wewe mwenyewe huwezi kumaliza sentensi bila kuwasha kiberiti. Unataka kutuosha sisi au injini?"

Siku nzima alishona. Watu walidhani ni kazi za wateja. Alichukua mabaki ya kitambaa cha plastiki cha kufunikia meza, akakata, akapiga mshono wa pembeni, akapitisha mpira wa kiuno. Kapteni alisimama barazani akipima hewa kwa viganja: dinamo ni hivi, stata ni hivi, sanduku la fyuzi ni hivi, mdomo unaovuta hewa ni hivi, mfuniko wa oili ni huu. Kila kipande kikapata kofia yake. Jioni zilipopangwa mezani, zilionekana kama kofia za kuogea za familia yenye vichwa vya ajabu ajabu.

"Hii ni ya nani?" Kapteni aliuliza, akiinua moja ndogo.

"Ya kijiti cha kupimia oili."

Alicheka. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu. Lakini alipoishika ile kofia, macho yake yalikwenda kwenye lori, kicheko kikamwishia mdomoni, na Mama Vifungo akaona.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

*

Jumapili, Shangazi alikuwa amelala na injini baridi tangu jana yake, kama Mama Vifungo alivyotaka. Injini ya moto ukiimwagia maji baridi, chuma kinaweza kupasuka, na mikono ya mwoshaji inaungua kabla ya chuma. Breki ya mkono ilivutwa, magogo yakasukumiwa mbele na nyuma ya magurudumu. Jiko la mkaa lilihamishwa likapelekwa nyuma ya vyumba, mwenyewe akilalamika kwamba maharage hayapendi kusafirishwa. Mvuta sigara aliambiwa aende barabarani.

Kabini ilipoinuliwa, Presha aliingiza kichwa chini yake papo hapo, kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa kazi.

"Toa kichwa!" Kapteni alifoka, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya dereva mwenye mzigo. "Chuma cha kuzuia hakijaingia kwenye tundu lake! Hii kabini ikirudi, tutakuzika bila shingo!"

Presha alitoka mbio. Kapteni akasukuma kile chuma hadi kikalia ta! mahali pake, akakitikisa, akakitikisa tena, ndipo akasema, "Haya." Alifungua betri, akianza na waya hasi, akausogeza mbali na kuufunga kitambaa. Mama Vifungo akavalisha kofia zake moja baada ya nyingine. Alivaa glavu, kichwani kitambaa, machoni miwani ya jua ya mumewe. Redio alikuwa ameshaleta kiti.

"Jirani, umependeza. Kama msanii aliyekimbia deni."

Chini ya lori walitandika turubai, na juu yake maranda ya mbao kutoka kwa seremala wa kona, ili maji machafu yasikimbilie kwenye mfereji unaopita mbele ya milango ambako watoto walicheza. Hapo ua ulikuwa umejaa. Kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja alisema majivu. Mwingine alisema limau. Babu wa chumba cha mwisho alisema zamani injini zilikuwa safi zenyewe.

Mama Vifungo alianza pakavu. Kwa kipande cha mbao alikwangua tope lililoganda, likaanguka vipande vipande, likiwa na mchanga wa machimbo ambayo hayapo tena. Kisha akapaka dawa ya kutoa grisi, ile ya kuchanganywa na maji, akaiacha iule uchafu polepole, akasugua kwa brashi ya kufulia. Maji yalitoka kwenye bomba la kawaida, yakitiririka bila nguvu. Presha aliangalia kwa uchungu, kama mpishi anayetazama mtu akila kwa kijiko kisichofaa.

"Kwa mwendo huu tutamaliza na kuzeeka."

"Wewe sugua chini, shemeji. Kuzeeka uniachie mimi."

Ikaanza kutokea. Kwanza rangi: injini ilikuwa ya kijani kibichi, na hata Kapteni hakuikumbuka. Kisha namba zilizochongwa kwenye chuma. Mabomba yakajitenga, kila moja na njia yake. Watu walisogea, hata Redio aliinuka kitini.

Upande wa kulia, karibu na bomba la moshi linalopata moto, kulikuwa na donge. Mama Vifungo alidhani ni tope. Alilikwangua, halikutoka. Alilipaka dawa, akasugua, likaanza kutoa povu peke yake.

"Hili donge linatoa povu," alisema.

"Liache hilo," Kapteni alisema haraka. "Hilo lina kazi yake."

Lakini brashi ilikuwa imeshapita. Ndani ya donge kulikuwa na sabuni ya kipande iliyokauka na kupasuka, na juu ya sabuni kulikuwa na kitambaa kilichozungushwa na kukazwa mafundo matatu. Mama Vifungo alivua miwani. Aliulowesha ule mwisho unaoning'inia, akausugua kwa vidole viwili. Ukatoka satini. Ukatoka kijani. Mwishoni kabisa kulikuwa na bizimu ya kufungia iliyovishwa kitambaa kwa mshono mdogo mdogo wa mkono, mshono ambao katika mtaa ule ni mtu mmoja tu aliyeujua.

Nyuma ya bega lake sauti ilisema polepole:

"Huo siyo mkanda wangu?"

Sasa tuseme ule ugomvi. Miaka miwili nyuma Redio alishonewa gauni la satini ya kijani kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, akatangulia kwao kabla halijaisha, akaagiza apelekewe. Gauni lilifika, mkanda haukufika. Redio akaenda harusini na gauni lisilo na kiuno, akaonekana kwenye picha zote kama pazia, na aliporudi akatangaza mtaa mzima kwamba fundi ameiba mkanda ampe mteja mwingine. Wateja wengine walihama. Mama Vifungo aliapa kwamba aliufunga pamoja na gauni kwa mikono yake. Zaidi ya mwaka mzima hawakusalimiana, wanachota maji bomba moja kila mtu akiangalia upande wake.

Na aliyetumwa kulifikisha lile gauni, akiwa njiani na lori, ni Kapteni.

Alisimama pale, brashi mkononi, maji yanamdondoka kwenye viwiko. Hapakuwa na mahali pa kujificha, kabini yenyewe ilikuwa imeinuliwa.

"Mpira wa kurudisha dizeli kwenye tangi ulipasuka njiani," alisema. "Nilikuwa mbali, peke yangu, mzigo juu. Nikaziba kwa sabuni. Nikatafuta cha kufungia, nikaupapasa huo kwenye kiti, ulikuwa umeteleza kutoka mfukoni. Nikasema nikifika nabadilisha. Nikafika, nikaambiwa kuna safari nyingine. Halafu nyinyi mkaanza kugombana. Kila nikitaka kusema, ugomvi umekua. Mwisho ukawa mkubwa kuliko mkanda."

"Wateja wangu waliondoka," Mama Vifungo alisema. "Ulikuwa unakaa hapo barazani, unaniona nalia kwa ajili ya mkanda, na mkanda unao."

"Ndiyo."

"Na nikakuita mwizi," Redio alimwambia Mama Vifungo. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo hivyo.

Presha aliona mambo yanaharibika, akaamua kuokoa jahazi kwa njia anayoijua. "Jamani, hayo ya mikanda mtaongea jioni. Mkaguzi anakuja. Sabuni mpya ninayo, mpira wa tyubu ninao. Tunaziba, tunapaka grisi nyeusi kidogo juu yake, pakauke. Hataona. Akiondoka tunatafuta mpira."

Kapteni alinyoosha mkono kuipokea sabuni. Mama Vifungo aligusa ufa wa ule mpira. Kidole kilirudi na dizeli. Aliangalia bomba la moshi lilipo, kiganja kimoja tu kutoka hapo. Akageuka akaangalia milango ya vyumba vilivyozunguka ua, mapazia yake, ndala za watoto mbele ya kila mlango.

"Hili lori linalala katikati yetu," alisema. "Kila usiku uliorudi nalo la moto, ukalizima, ukaja kulala. Siku moja dizeli ingedondokea hapo kwenye moto. Mkanda nitakusamehe, Kapteni, sijui lini lakini nitakusamehe. Hili sizibi. Toa huo mpira."

"Tukiutoa, hatuwezi kuliwasha. Akija atalikuta limekufa."

"Basi alikute limekufa na ni safi. Toa."

Kapteni alichukua koleo, akalegeza klipu. Mpira mzee ukatoka. Aliziba ncha mbili zilizobaki kwa plastiki safi, na hapo likabaki swali la wapi pa kupata mwingine Jumapili, maduka ya vipuri yamefungwa.

Redio alikuwa bado amesimama. Aliunyoosha mkono.

"Nipe mkanda wangu."

Mama Vifungo aliyafungua mafundo, akampa. Redio akaukunja, mweusi na unanuka, akautia mfukoni.

"Nipe na huo mpira. Yule bwana anayekata malori mabovu kule nyuma ya ghala, mkewe ni rafiki yangu. Ana Shangazi wengine watatu waliokufa. Atakuwa amelala sasa hivi, lakini mimi nikianza kuongea mlangoni kwake, ataamka."

*

Mkaguzi alikuja kabla ya Redio kurudi. Alikuja kwa pikipiki, tochi ndogo mfukoni, akasalimia kila mtu kwa adabu, akakataa kiti. Injini ilikuwa imepanguswa kwa mabaki ya vitambaa vya Mama Vifungo, kofia zimevuliwa, matambara yamehesabiwa ili lisibaki hata moja ndani. Alimulika juu, akamulika chini.

"Imeoshwa na nani?"

"Na mke wangu," Kapteni alisema. "Mimi na mdogo wangu tulimsaidia."

"Iwashe."

Presha alimbana kaka yake kwa kiwiko. "Sema betri," alinong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika barabarani. "Sema betri imekufa."

Mama Vifungo alikuwa ameweka pini mdomoni, ingawa hakuwa na nguo ya kushona. Alitaka kusema yeye. Maneno alikuwa nayo, yamejipanga. Akayazuia kwa pini. Jambo hili halikuwa lake.

"Siwezi kuliwasha, bosi," Kapteni alisema. "Betri ni nzima. Mpira wa kurudisha dizeli ulikuwa unavuja, nimeutoa. Nasubiri mwingine."

"Ulikuwa unavuja tangu lini?"

Hapo ndipo mtu angeweza kusema tangu leo asubuhi, na hakuna ambaye angempinga, hata mkewe. Kapteni alipangusa mikono kwenye suruali.

"Miaka miwili."

"Kwa hiyo ulipokuja getini kwangu..."

"Lilikuwa linavuja. Nilikuwa nimeziba kwa sabuni."

Mkaguzi alizima tochi. Aliangalia pikipiki yake, kisha saa. "Nina malori mengine ya kuangalia," alisema, na akaanza kuvaa kofia yake ya chuma. Presha alishika kichwa. Mama Vifungo aliona mabega ya mumewe, hayakushuka. Alikuwa amesimama kando ya injini ya kijani kama mtu aliyetua mzigo, na hakuomba.

Wakati huo huo kelele ikaingia kabla ya mwenye kelele.

"Nimeupata! Nimemtoa kitandani! Anasema haujawahi kutumika, ni wa akiba yake mwenyewe, na klipu zake mbili mpya!" Redio aliingia uani jasho linamtoka, mpira umemning'inia shingoni kama utepe wa fundi. "Mwambie mumeo afunge huu, na akithubutu tena kuziba dizeli kwa nguo zangu nitakwenda harusini nimevaa hilo lori!"

Ndipo akamwona mgeni.

"Shikamoo," alisema.

Mkaguzi alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Alivua kofia. "Marahaba. Nguo zako?"

Watu walimsimulia, wote kwa pamoja, na Redio juu yao wote, na aliusimulia ugomvi bila kujipendelea, jambo lililowashangaza majirani kuliko mkanda wenyewe. Kapteni hakusikiliza. Alikuwa ameinama, anavisha mpira, anakaza klipu, anavuta kuhakikisha. Alirudisha waya wa betri, akapampu kwa mkono kutoa hewa kwenye dizeli, akashusha kabini, akapanda.

Shangazi alikohoa, akalalamika, akawaka.

Mkaguzi aliomba karatasi nyeupe. Mama Vifungo alimpa ile ya kukatia ruwaza. Wakaitandika chini, mahali ambapo turubai lilikuwa limetolewa, na injini ikaachwa iungurume mpaka ikapata moto kabisa. Watoto walichuchumaa kuizunguka karatasi kama wanaotazama mechi. Ilipotolewa, ilikuwa na vumbi tu.

"Umeficha miaka miwili, umesema leo," mkaguzi alimwambia Kapteni. "Kwa ile miaka miwili, utabeba makreti matupu. Maziwa sikupi mpaka nikuzoee. Kwa hii leo, unaanza kesho asubuhi."

"Matupu!" Presha alilalamika. "Bosi, lori zima hili, makreti matupu?"

"Mimi nilibeba mchanga," Kapteni alimkata mdogo wake. "Wewe unadhani kreti tupu litanishinda?" Akampa mkaguzi mkono. Ulikuwa na grisi, akataka kuurudisha, lakini mkaguzi alikwisha kuushika.

*

Jioni ile katika chumba chao hapakuwa na sherehe. Mama Vifungo alimwambia mumewe mengi, kwa sauti ya chini, na mengine aliyarudia ili yaeleweke. Kapteni alisikiliza yote. Mkewe alipomaliza, Kapteni alimuuliza kama anaweza kwenda mwenyewe kwa wale wateja waliohama, mlango hadi mlango, awaeleze mkanda ulikuwa wapi.

"Watakucheka."

"Wacha wacheke."

"Basi uanze na yule wa sare za shule. Yeye ndiye aliyenisema sana."

Jumatatu alfajiri, ua ukiwa unapiga mswaki, Kapteni alitoka amevaa shati lililopigwa pasi. Redio alikuwa kwenye kamba ya nguo, na kati ya mashuka yake ulining'inia mkanda mmoja wa satini, umefuliwa, doa lake halikutoka. Alitangaza kwa majirani kwamba leo Kapteni anakwenda kazini, kana kwamba kuna ambaye hakuona.

Badala ya kupanda, Kapteni aliinua kabini, akasukuma chuma cha kuzuia hadi kikalia, akakitikisa. Akapangusa mikono, akaita mbele ya watu wote:

"Mama! Njoo uniangalizie kabla sijaondoka."

Mama Vifungo alisimamisha cherehani. Alishuka barazani na tochi yake, akainama, akapitisha mwanga kwenye mpira, kwenye klipu, kwenye kila kiungo, hakuharakisha. Alipapasa kwa chini, akaangalia vidole.

"Pakavu," alisema. "Nenda."